Mfupa Niliojiongezea

Sipendi viwiko. Najua ni ajabu kusemwa na mtu anayelipwa kupiga picha za mifupa, lakini bora niliseme mapema. Goti nalivumilia, bega nalivumilia, hata nyayo za watu waliopanda mlima bila viatu nazivumilia. Kiwiko ni ngozi kavu iliyokunjamana, yenye weusi usiotoka kwa sabuni, na mwenye nacho hukiegemeza popote: kaunta ya duka la nyama, dirisha la choo cha stendi, kisha meza ya chakula. Kwa miezi kadhaa nilivishika viwiko vya watu wazima wenye afya zao, kimoja baada ya kingine, nikivilaza juu ya meza ya eksirei, na kila jioni nilinawa mpaka kwapani.

Lakini kiwiko kilichonitia kinyaa kuliko vyote kilikuwa cha mama yangu.

Mama analima upande wa Mlalo, kwenye mteremko ambao ukidondosha kabichi unaifuata bondeni. Masika moja aliteleza akiwa na mzigo kichwani na akaangukia mkono wa kulia. Alifanyiwa upasuaji mbali na kwetu, akawekewa chuma na skrubu. Mama ni mdogo wa umbo. Bangili za kununua zinamvuka mkono zenyewe. Chuma alichowekewa kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, mtu mpana, na skrubu moja ilipita mfupa ikatokeza upande wa pili, ikakaa pale chini ya ngozi. Mwezi wa saba, baridi ikikaza, ngozi ilipasuka na kutoa maji ya njano. Mama alifunga kipande cha kanga na kuendelea kupalilia.

Nilipokwenda nyumbani mwisho wa wiki tulikula pamoja, na mama ana tabia ya kuegemea meza. Ile ncha iligonga ubao. Sauti ndogo tu. Mimi nilikuwa nikihamisha bakuli langu kidogo, naangalia dirisha, naanza habari nyingine. Kazini nimeona vidonda vyenye funza na sikutema hata mate, lakini kwa mama yangu mzazi chakula kilinishinda. Aliliona hilo.

"Kinakukirihi," aliniambia siku moja.

"Hapana, mama."

"Hata mimi mwenyewe kinanikirihi. Kula."

Mfupa wenyewe ulikuwa haujaunga sawasawa. Daktari wa upasuaji hospitalini kwetu alituambia wazi kwamba chuma kile kikitolewa lazima kingine kiingie, na vyote vilivyokuwemo kabatini vilikuwa vya ukubwa uleule. Kumpasua mama ili kumrudishia kilekile ilikuwa ni kumtesa bure. Tukaambiwa tusubiri vidogo, na hakuna aliyejua vitatoka wapi.

Ndipo ukaja ule utafiti. Daktari wa mifupa kutoka mjini, mtu mpole anayezungumza taratibu, alipanda kwetu na kutueleza kwamba amechoka kufunga skrubu ndefu kuliko mifupa anayoikuta. Alitaka kupima viwiko vya watu wazima ambao hawajawahi kuumia, wanaume kwa wanawake, wa milima hii hii. Upana wa mfupa wa juu pale unapokutana na kiwiko, unene wake, pembe ya mkono unaponyooka. Vipimo vikishajulikana, hospitali itaagiza vyuma vinavyokaa. Alisema hivyo mbele yetu wote, na mimi jioni ile ile nikampigia mama simu.

Siku ya kwanza ya kuandikisha watu, mama alikuwa wa tatu kwenye foleni. Alivaa gauni lake la kanisani. Mkono wa kulia aliuficha ndani ya kanga, wa kushoto akaunyoosha mbele kabla hata hajaulizwa. Kijana wa fomu akamuuliza kama amewahi kuvunjika mkono.

"Huu haujavunjika," mama akasema.

"Na mwingine?"

"Mwingine sijauleta."

Watu wakacheka. Daktari naye akatabasamu, akamweleza kwa adabu kwamba kanuni zinataka mtu ambaye mikono yote miwili ni mizima. Mama akamuuliza kama wanapima mkono au wanapima mtu. Daktari akamwita aliyefuata. Nikamsindikiza nje, na pale kwenye ngazi akashika mkono wangu, akaulaza sambamba na wake wa kushoto, kifundo kwa kifundo.

"Basi pima wa kwako," akasema. "Huo ni wangu. Na bibi yako alikuwa nao huo huo. Waone tulivyo."

Nilimwahidi. Wafanyakazi nao walikuwa wanaruhusiwa kujitolea, kwa hiyo ahadi haikuwa ngumu.

Sasa nieleze tulivyofanya kazi, maana uchafu wote umo humo. Kila picha ilipaswa kupimwa na watu wawili kwenye kompyuta, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuona namba za mwenzake. Namba zikikaribiana bila watu kushauriana, zinaaminika, kisha huchukuliwa ya katikati. Daktari alituachia faili la bluu na faili la kijani. Mimi nilikuwa wa kijani. Wa bluu alikuwa mzee aliyenifundisha kazi, mtu aliyestaafu na kurudishwa kwa mkataba kwa sababu alikuwa anaijua mashine kuliko waliomrudisha. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita wote. Kanisani anakaa benchi la mbele. Hospitalini hata madaktari humwamkia, na akisimama hakuna anayebaki ameketi.

Mwalimu alianza kazi zamani za chumba cha giza, wakati filamu zikifuliwa ndani ya dawa na kuanikwa kwenye vibanio. Kule gizani mmoja alikuwa anasoma na mwingine anaandika, na hakuacha mazoea hayo. Kila alichokipima alikisoma kwa sauti, hata akiwa peke yake. Kompyuta ilikuwa moja, chumba kimoja, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimwandaa mtu anayefuata. Yeye alipima asubuhi, mimi nilipima picha zile zile baada ya chai. Nilizisikia namba zake zote.

Ya kwanza kunisumbua ilikuwa picha ya mkulima mmoja wa Rangwi. Mwalimu alisoma upana wake, "Sitini na mbili." Ilipofika zamu yangu nikapata milimita hamsini na tisa. Nikarudia, hamsini na tisa. Nikaikuza picha na nikaelewa: ili sitini na mbili itoke, alama za kipimo lazima ziishie si ukingoni mwa mfupa bali kwenye kile kivuli cha nyama kinachouzunguka. Kosa la mtu asiyeona vizuri.

Nilipaswa kuandika hamsini na tisa. Daktari alishasema, andikeni mnachokiona. Lakini niliwaza siku daktari atakapofungua mafaili mawili sambamba, Mwalimu akiwa ameketi pale na kofia yake magotini, na namba yangu imesimama inabishana na ya kwake. Kwetu mtu akimwona mzee amevaa sweta ndani nje, anaanza na shikamoo, anauliza habari za nyumbani, halafu anakwenda kumtafuta mtu wa rika lake ili yeye ndiye amwambie. Mimi sikuwa na mtu wa rika lake. Nikasogeza alama kidogo kwa kipanya. Nikaandika sitini na moja. Ile moja niliyobakiza ilikuwa ya dhamiri, ili nijidanganye kwamba bado ninapima.

Baada ya wiki mbili dhamiri haikuhitaji tena hata hiyo moja. Baada ya mwezi sikuwa napima. Nilikuwa naweka alama pale ambapo najua yake ilikuwa, naangalia kama namba imetoka, naandika. Watu waliamka na giza, wakafunga mazizi, wakapanda gari la kwanza kutoka Mlalo ili watupe mifupa yao, na mimi niliwaandikia mifupa ya kubuni. Mama mmoja alininong'oneza kwamba alikisugua kiwiko kwa jiwe usiku kucha ili picha itoke safi. Nilimjibu kwamba imetoka safi sana. Nikikumbuka, nasikia ulimi wangu unanuka.

Kisha ikafika zamu ya picha yangu.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenipiga. Aliulaza mkono wangu mezani kwa uangalifu, akaweka kile kipira kidogo cha chuma pembeni ambacho husaidia kompyuta kujua ukubwa halisi, akaniambia nisitikisike, kama alivyokuwa akiniambia nikiwa mwanafunzi. Asubuhi iliyofuata nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia akisoma, "Hamsini na nne."

Nilingoja aende chai. Nikakaa, nikaifungua picha. Sijui kwa nini nilikuwa sijawahi kujitazama. Mfupa ulikuwa mwembamba, mzuri, umejipinda kidogo kwa ndani, na nikauona mkono wa mama kabla ya kuanguka. Nikapima. Hamsini na moja. Nikapima tena, polepole, alama kwenye ukingo kabisa. Hamsini na moja. Kama ningechukua skrubu ya kabatini na kuipitisha pale, ningeweza kuonyesha kwa kidole mahali itakapotokea.

Hapakuwa na mtu chumbani. Hakuna aliyenishikia kisu. Halafu kidole changu, hiki cha shahada ninachoandikia, kikasogeza alama mpaka kwenye kivuli. Hamsini na nne. Nikaandika kwenye faili la kijani kwa mwandiko wangu mzuri. Nilijiongezea milimita tatu za mfupa ambazo Mungu hakunipa, wala hakumpa mama, wala bibi.

Mchana ule kantini kulikuwa na makande. Huwa nayala kwa mkono. Siku hiyo niliomba kijiko, kwa sababu sikutaka kile kidole kikaribie mdomo wangu.

Kazi ilipokwisha, daktari alikuja na kreti ya soda na maandazi ya kutosha hospitali nzima. Alikuwa na furaha ya kweli. Alisema amewahi kuona watu wawili wakipima mifupa ile ile sehemu nyingi, lakini hajaona wanaopatana namna hii, karibu ni mtu mmoja aliyepima mara mbili. Watu wakapiga makofi. Akamwomba Mwalimu aseme neno, na Mwalimu akasimama, akazungumza kidogo juu ya uaminifu kazini na juu ya vijana wanaosikiliza. Alinitaja. Nikainamisha kichwa, na wote wakadhani ni unyenyekevu.

Daktari akaongeza kwamba ana habari njema. Mifupa ya watu wa huku si midogo kama alivyohofia. Vyuma vilivyopo vinawatosha wengi, kwa hiyo hakutakuwa na haja ya kuhangaika kuagiza vidogo.

Andazi lilikuwa kinywani. Sikuweza kulimeza wala kulitema mbele za watu. Nilitoka, nikazunguka nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na nikatapika kwenye mtaro ambao maji ya sabuni yalikuwa yanapita. Nilisimama pale nikiangalia vipande vikienda na povu. Nilichokiona kilinichukiza, na bado kilikuwa kisafi kuliko faili langu.

Nilimkuta Mwalimu chumbani akifunika mashine kwa kitambaa, kama alivyofanya kila jioni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujanywa soda?"

Nikazungumza na viatu vyake. "Mwalimu, namba zako ni kubwa. Unapima na nyama."

Nilitegemea ang'ake. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kile kitambaa, akakaa.

"Macho yamekwisha," akasema. "Mwaka wa pili huu. Kwenye kioo kile naona ukungu na kitu cheusi katikati."

"Kwa nini hukumwambia daktari?"

"Nilisema, tuko wawili. Huyu binti ana macho. Nikikosea, namba zake zitanisuta, daktari ataniambia mzee, nenda kapumzike, na mimi nitapumzika. Kila alipokuja nilikuwa nangoja aniambie. Kila alipokuja alisema tumelingana." Akavaa miwani tena. "Mwishowe nikaamini kwamba bado naona."

"Ulikuwa unasoma kwa sauti, Mwalimu. Nilikuwa nakusikia."

Alichukua muda kuelewa. Alipoelewa akaacha kunitazama, akageukia ukutani.

"Umenifanya mwongo uzeeni," akasema.

Nilikasirika. Nilikuwa nimekuja kutubu, na sasa nilikuwa nataka kumtikisa. Mzee mzima aliamua kuacha kazi yake ya kusema ukweli mikononi mwangu bila kuniambia, akakaa kwenye benchi la mbele kila Jumapili akingoja nimuumbue kwa niaba yake. Na mimi nilimpa heshima ambayo hakuiomba, heshima iliyomwacha gizani. Tulikaa pale wawili, kila mmoja anamwonea mwenzake kinyaa, na kila mmoja alikuwa na haki.

Yeye ndiye aliyesimama kwanza. Tukamkuta daktari akipakia vitu kwenye gari. Mwalimu akasema, "Mimi sioni. Huyu anaona, lakini alinifuata." Mengine nikayasema mimi.

Daktari hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. Aliuliza swali moja tu: zipi nilizozipima kweli na zipi nilizozifuata. Nikasema sijui. Sikuziwekea alama popote. Za mwanzo labda, chache. Akafunga kompyuta yake, akasema picha zitapelekwa mjini zikapimwe upya na watu wengine, na mpaka hapo hakuna kitakachoagizwa, si vikubwa wala vidogo. Itachukua muda, labda mpaka baada ya masika, labda zaidi.

"Ungeandika tu ulichokiona," akaniambia. Akanawa mikono kwenye bomba la nje kabla ya kuingia garini. Huenda ilikuwa na vumbi. Mimi nilichukulia kwamba ananinawa mimi, kama nilivyostahili.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa amepika makande na mboga, ameketi upande wake wa meza karibu na moto. Alikuwa ameshawaambia majirani wawili kwamba mtoto wake anapima mikono ili vyuma vije vya saizi yao. Nilimweleza yote kabla sijapakua, kwa sababu nilijua nikishakula chakula chake sitasema. Nilimweleza habari ya pazia na sauti ya Mwalimu, na alama nilizozisogeza, na kutapika. Alisikiliza akikoroga chungu.

"Wa kwako ulitoka ngapi?" akauliza.

"Hamsini na moja."

"Ukaandika?"

"Hamsini na nne."

Akaweka mwiko chini. Mama akikasirika huhamia Kisambaa, lugha ambayo ndani yake hakosei neno, na humo ndimo aliniambia: "Kwa hiyo mzee ulimwonea haya."

Nilingoja amalizie. Alifungua kile kipande cha kanga, kikashikilia kidogo kwenye ngozi kabla ya kuachia, akauweka mkono mezani kati yetu, kiwiko kikielekea kwangu. Ngozi ilikuwa imepasuka tena. Kwa mara ya kwanza sikuangalia dirisha. Ncha ya skrubu ilikuwa nje, ya kijivu, inang'aa kwa unyevu.

Akashika kidole changu cha shahada, akakibandika pale.

"Pima," akasema.

Ilikuwa na joto na utelezi, nikavuta mkono, lakini aliushikilia. Kazi hii nimeifanya miaka mingi. Sihitaji kompyuta kujua kitu kidogo kina urefu gani nikikigusa.

"Tatu," nikasema, kwa sauti ya chini.

"Sema nisikie."

"Tatu, mama."

Akaniachia kidole, akaanza kujifunga upya kwa mkono wa kushoto na meno. Sikuambiwa nisaidie. Halafu akanisogezea bakuli.